Siku nane na mtawa mnene: kutoka Beijing mpaka Karakorum

Siku ya 1

Jamani hatimaye nimo ndani ya treni. Viza ilinizungusha wiki tano nzima, kila nikienda naambiwa karatasi moja imepungua, nikiileta hiyo imepungua nyingine, nikafika mahali nikasema basi safari hii nitaisoma kwenye simu nilale. Ila ndo hivo imetoka, na asubuhi hii tumeondoka Beijing, mimi na mama mmoja wa Kimongolia na wanawe wawili na maboksi yao yasiyopungua tisa, wote behewa moja la vitanda vinne. Miguu sina pa kuiweka.

Nieleze kwanza kwa nini mtoto wa Unguja anaenda Karakorum, mji mkuu wa zamani wa Wamongolia, badala ya kwenda Shanghai kupiga picha kama wenzake. Kisa ni Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13. Mwaka jana niko hosteli baridi imenifungia ndani nikawa nasoma kitabu chake, nikafika ukurasa anaotusema sisi. Anapaita Zanghibar, anasema ni kisiwa kikubwa mzunguko wake maili 2000, na watu wake wanene wenye nguvu, mmoja anabeba mzigo wa watu wanne na anakula chakula cha watu watano. Maili elfu mbili! Kisiwa ambacho unaamka Nungwi, unashuka mjini unakunywa urojo wako taratibu, na adhuhuri unaisali Makunduchi. Kula kwa watano sibishi sana, nina mjomba wangu, ila maili 2000 hapana. Na kwetu hakufika hata siku moja, alisimuliwa huko njiani naye akaandika kama kawaida. Ibn Battuta angalau 1331 alifika Mombasa na Kilwa mwenyewe kwa miguu yake.

Basi nikaanza kumtafuta Mzungu yeyote wa enzi zile anayesema hili nimeliona, hili nimeambiwa, bila kuyachanganya. Nikampata William wa Rubruck. Mtawa wa Kifransisko kutoka Flanders, akaenda kwa Wamongolia 1253 mpaka 1255, alaf akamwandikia barua ndefu sana mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa. Barua yenyewe ni kitabu kizima. Na jamaa anajisema mwenyewe kwamba alikua mnene, mzito sana, mpaka ikawa kila wanapobadilisha farasi anapewa yule mwenye nguvu kuliko wote, kama farasi anamrusharusha au vipi hakuthubutu kuuliza. Nikampenda hapo hapo. Tangu siku ile namwita bwana mnene.

Jioni tumefika Erlian, mpakani. Hapa ndo pale penye ile kazi niliyoisikia, treni inaingizwa kwenye karakana na mabehewa yananyanyuliwa na jeki abiria tukiwa ndani, magurudumu yote yanatolewa chini wanaweka mengine, maana reli ya China ina upana wa milimita 1,435 na ya Mongolia 1,520, ile ya Kirusi. Masaa yanakwenda na choo kimefungwa. Yule mama kaniangalia anacheka, yeye hakugusa maji tangu mchana, anaujua mchezo. Nikakumbuka kwetu bara pale Kidatu, Tazara ina 1,067 na reli ya kati 1,000, zimekutana uso kwa uso na hakuna anayenyanyua behewa, mzigo ndo unaohamishwa.

Siku ya 2

Nimeamka Gobi. Sijui niielezeje. Nilidhani nitakuta mchanga kama wa sinema, kumbe ni uwanda wa changarawe na majani mafupi ya njano, hauna mti, hauna mlima, hauna kitu cha kulipima jicho. Ngamia wanne. Baada ya saa nzima pikipiki moja inakata tambarare peke yake na vumbi nyuma. Nimekaa dirishani mpaka shingo ikauma.

Bwana mnene yeye aliingia kwa upande wa pili kabisa. Alipakia jahazi kutoka Constantinople, akaingia Bahari Nyeusi tarehe 7 Mei 1253, tarehe 21 akashuka Soldaia, ambayo leo ni Sudak kule Crimea. Wafanyabiashara wa pale wakamshauri achukue mikokoteni ya ng'ombe, eti mizigo itakaa humo humo, asihangaike kupakia na kupakua kila siku. Akawasikiliza. Akajuta, maana njia ya mwezi mmoja kwa farasi yeye kaitembea miwili. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza ushauri wa watu wa stendi anajua maumivu haya.

Alikua na mtawa mwenzake Bartholomew wa Cremona, karani mmoja anaitwa Gosset, mtoto mtumwa aliyenunuliwa Constantinople, na mkalimani. Huyo mkalimani nitamrudia, ni balaa.

Na kilichompeleka ni tetesi. Ulaya walisikia kwamba Sartaq, mtoto wa Batu, mjukuu wa Jochi, yule mtoto mkubwa wa Chinggis (Genghis Khan), amekua Mkristo. Akafika kambini kwake mwisho wa Julai karibu na mto Volga, na katibu wa Sartaq, naye Mkristo wa Kinestori, dhehebu la mashariki, akawaonya mapema, bwana wetu msije mkasema ni Mkristo, yeye ni Mmongolia. Yaani mtu kasafiri kote kule, mlangoni anaambiwa ile habari iliyokuleta haipo. Vitabu vyao na majoho yao ya ibada yakabaki huko, ikiwemo zaburi yenye picha nzuri aliyopewa na malkia. Sartaq akamsukuma kwa baba yake Batu, Batu naye akamsukuma kwa Möngke, Kaan mkuu, yaani mtawala wa Wamongolia wote, huku mwisho wa dunia. Kila ofisi inasema hili si letu nenda dirisha la mbele. (Mimi na viza yangu tunamwelewa.)

Mchana tumefika Ulaanbaatar. Nimeoga nimelala.

Siku ya 3

Mji una foleni kuliko Dar, sitanii. Nimekwenda uwanja mkubwa wa Sükhbaatar, Chinggis amekaa katikati mbele ya jengo la serikali, mkubwa wa shaba, mwanawe Ögedei upande mmoja na mjukuu wake Kublai upande mwingine. Möngke, mwenyeji wa bwana mnene, sikumwona pale.

Chakula ndo mtihani kwangu. Nyama kila mahali na halali sijui nitaiulizaje. Nimenunua mayai, mkate, matango, na mkobani nina tini sita za samaki na biskuti. Hapo nikacheka peke yangu dukani, maana bwana mnene naye alitoka Constantinople na biskuti na matunda na divai tamu, za kuwapa wakubwa wa njiani, aliambiwa mikono mitupu hawampokei mtu. Zawadi yangu mimi ni mfuko wa karafuu kutoka nyumbani, bi mkubwa alinitumia. Enzi za Rubruck Unguja haikua na mkarafuu hata mmoja, imekuja kupandwa karne ya 19, lakini acha tu wenyeji wadhani ni ya asili na asili.

Alaf kitu cha kushangaza. Muuzaji kanirudishia chenji, noti ya tugrik 5,000, naigeuza nyuma naona mti. Nikasimama kabisa. Ni ule mti wa fedha! Nitaeleza nikifika, ila jueni tu kwamba Wamongolia wameuchapa kwenye hela yao mti ambao tunaujua kwa sababu ya barua ya yule mtawa. Na yeye huyo huyo ndo miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuandika kwamba China hela yao ni karatasi, upana wake kama kiganja, imepigwa mhuri. Karatasi yake imezunguka ikarudi kwangu na picha yake mgongoni.

Siku ya 4

Basi la Kharkhorin, mji wa leo pale palipokua Karakorum, kilometa kama 360 kwenda magharibi. Tumeondoka asubuhi, tumefika jioni, lami ipo ila ina viraka na mashimo, na dereva ana kaseti moja (siyo kaseti, flashi) ya nyimbo za mapenzi ya farasi, au mapenzi ya mama, sikujua, ila zote zina farasi kwenye video.

Nje kijani tu. Julai huku majani yamesimama, vilima vimelala kama mgongo wa ng'ombe, na kila baada ya muda mahema meupe mawili matatu, yale ya duara, wenyewe wanaita ger. Bwana mnene aliyapima, sio kuyatazama tu. Enzi zile mahema makubwa hayakubomolewa, yalibebwa mazima juu ya mkokoteni, na akashuka akapima nafasi kati ya alama za magurudumu ardhini, futi 20. Akahesabu ng'ombe wanaovuta nyumba moja, 22, kumi na moja safu ya mbele na kumi na moja ya nyuma. Anamwambia mfalme kwamba angejua kuchora angemchorea kila kitu. Mimi nina kamera kwenye simu na chaji imebaki asilimia 9, basi hata mimi sina cha kuwachorea.

Saa ya chakula basi limesimama, watu wakashuka kula khuushuur, ni kama sambusa iliyolaliwa na mtu, bapa, ya nyama ya kondoo, inanukia mpaka machozi. Nikafungua tini yangu ya samaki nyuma ya basi kama mwizi.

Njiani pana kipande cha mchanga kimekatiza tu katikati ya majani, Elsen Tasarkhai, ngamia wamepangwa wanasubiri watalii. Watalii wakapiga picha. Tukapita.

Nilikua nasoma ile sehemu ya safari ya kutoka kwa Batu. Katikati ya Septemba 1253 akaja mtoto wa tajiri mmoja wa Kimongolia akawaambia mimi ndo nitawapeleka kwa Kaan, ni safari ya miezi minne, na huko baridi inapasua mawe na miti, angalieni wenyewe kama mnaiweza, mkishindwa nitawaacha njiani. Hivi ndo mwenyeji wako anavyokukaribisha! Wakawa wanakimbiza farasi kwa siku umbali kama wa Paris mpaka Orleans, yaani kilometa mia na kitu, siku nyingine zaidi, asubuhi wanapewa kitu cha kunywa au uji wa mtama, nyama ni jioni tu, na mara nyingine wanaila nusu mbichi kwa sababu kuni hakuna na kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia hakijakauka. Njaa, kiu, baridi na uchovu, anasema havina hesabu. Akafika kambi ya Möngke tarehe 27 Desemba.

Mimi nimefika saa kumi na mbili jioni na makalio yameota ganzi, nimenyamaza.

Siku ya 5

Karakorum. Basi nimefika.

Nitasema ukweli kama yeye. Hakuna mji. Kuna mji mdogo wa leo wenye mabati ya rangi rangi, alaf pembeni kuna monasteri ya Erdene Zuu, ukuta mweupe wa mraba wenye vinara vingi mno juu yake, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa mawe ya mji ule ule uliobomolewa. Nje ya ukuta ni majani, waya wa uzio, na kobe wa jiwe. Kobe mkubwa ana mgongo mpana umetobolewa katikati palipokua na nguzo, watu wamemfunga vitambaa vya buluu. Huyo alikuwepo. Nimemshika kichwa, ana joto la jua.

Nimekaa kwenye majani nikafungua simu (nimeichaji usiku) nikasoma pale pale. Rubruck aliingia mjini tarehe 5 Aprili 1254, Jumapili ya Matawi. Na anausema mji bila kuupamba. Ukiondoa ikulu, anasema, hauzidi kijiji cha Saint Denis pale jirani na Paris, na monasteri ya Saint Denis peke yake ina thamani mara kumi ya ile ikulu. Fikiria. Mji mkuu wa himaya kubwa kuliko zote duniani, na unamwandikia mfalme ambaye angefurahi kusikia dhahabu na marumaru, wewe unasema ni kijiji cha udongo! Marco angeweka madaraja elfu hapa.

Alaf anauhesabu. Mitaa miwili, mmoja wa Waislamu wenye masoko, mmoja wa mafundi wa Kichina. Mahekalu 12 ya masanamu. Misikiti miwili. Kanisa moja mwisho wa mji. Ukuta wa udongo, milango minne, mashariki wanauza mtama na nafaka nyingine kidogo, magharibi kondoo na mbuzi, kusini ng'ombe na mikokoteni, kaskazini farasi. Nikasimama nikageuka pande zote nne nikijaribu kuweka kila soko mahali pake, mzee mmoja aliyekua anapita na baiskeli akasimama kuniangalia.

Misikiti miwili. Adhana imesikika hapa, kwenye majani haya. Adhuhuri nikasali pembeni kidogo ya kobe, kibla huku ni magharibi, kwetu ni kaskazini, mpaka leo mwili unakataa.

Sasa mti. Mlangoni mwa ikulu, ilikua haipendezi kuingiza viriba vya maziwa na pombe, basi Möngke akawa na fundi wake, Guillaume Boucher, sonara wa Paris. Ndio, wa Paris! Alitekwa Belgrade wakati Wamongolia wanaipiga Hungary, na ndugu yake alikua bado anaishi Paris kwenye Daraja Kuu. Akatengeneza mti mkubwa wa fedha, chini yake simba wanne wa fedha wanatoa maziwa ya farasi, na mabomba manne yanapanda ndani mpaka juu, moja linamwaga divai, moja maziwa ya farasi yaliyochujwa, moja kinywaji cha asali, moja pombe ya mchele, na juu kabisa malaika ana tarumbeta. Kwanza alitaka malaika apulizwe kwa mivukuto, upepo haukutosha. Basi akachimba shimo chini ya mti, mtu anafichwa humo, mkuu wa wanyweshaji akipiga kelele "puliza", jamaa anapuliza bomba kwa mapafu yake, malaika anainua tarumbeta, watumishi wanasikia wanaanza kumimina. Bwana mnene katwambia mpaka siri ya mtu wa shimoni. Msimuliaji mwingine angeacha malaika apulize mwenyewe, tungeamini mpaka leo. Mimi namfikiria huyo mtu wa shimoni, mshahara wake ulikua nini, na usiku wa sherehe anatoka saa ngapi.

Makumbusho ya hapa ina mfano wa mji mzima, mdogo mdogo, nimeuzunguka mara tatu. Wachimbaji wa Kijerumani na Kimongolia walifukua jengo kubwa ambalo miaka mingi watu walikua wanasema ndo ikulu ya Ögedei, wakakuta ni hekalu la Kibudha. Ikulu yenyewe huenda iko chini ya monasteri. Mti haujaonekana hata kipande.

Siku ya 6

Mvua. Nimeshinda kwenye nyumba ya wageni na tini ya nne ya samaki.

Nimesoma habari ya mkalimani. Bwana mnene akitaka kuhubiri, jamaa anamwambia usinihubirishe mimi, maneno hayo siyajui. Baadae Rubruck alipoanza kuokota lugha mwenyewe akagundua akisema jambo moja, mkalimani anasema jambo jingine kabisa, lolote linalomjia kichwani, basi akaamua bora anyamaze. Na siku ile kubwa, 4 Januari 1254, wanaingizwa mbele ya Möngke, wamepekuliwa mpaka miguuni wasije wakawa na visu, wakaimba wimbo wao, wakaulizwa watakunywa nini. Mkalimani alisimama karibu na wagawaji wa vinywaji. Nimemaliza kueleza? Mpaka mahali fulani, anasema, nilikua namwelewa mkalimani wangu, baada ya hapo hakuna sentensi hata moja niliyoipata nzima, nikajua amelewa, na Kaan mwenyewe naye nilimwona kama amechangamka. Mkutano umesubiriwa tangu Mei ya mwaka uliopita!

Halafu vidole vya miguu. Wafransisko ni watu wa pekupeku, na pekupeku ile ile akawa anaikanyaga barafu ya Mongolia, vidole vikaganda, ikabidi aiache. Pale kambini mtoto mmoja wa Hungary aliwatambua kwa sababu huko kwao alishawaona watawa wa aina yao, akawaeleza Wamongolia waliokua wamewazunguka wanawashangaa.

Kuna na Paquette, mwanamke wa Metz, naye alitekwa Hungary, kaolewa na Mrusi fundi wa nyumba, ana watoto watatu wa kiume. Aliwapikia watawa chakula kizuri kadri alivyoweza. Basi, mistari michache tu. Angekua kaandika yeye mwenyewe!

Mvua imekatika saa moja jioni.

Siku ya 7

Leo nimekwenda kwa familia moja, kilometa kama 15 nje ya mji, karibu na mto Orkhon. Kijana wa nyumba ya wageni, dogo wa miaka 19 anayesoma Kiingereza, ndo mkalimani wangu. Nikamwambia nimesoma habari za wakalimani wa huku, akacheka ila hakuuliza.

Kitu cha kwanza, kizingiti. Huku usikanyage kizingiti cha ger, unakiruka. Dogo alinionya lakini mimi nilishaonywa na mtu wa miaka 770 iliyopita, maana Bartholomew wakati anatoka kwa Möngke alijikwaa kizingitini, wakamkamata papo hapo. Ikaja kuonekana hakujua, wakamsamehe, ila ndani ya nyumba ya Kaan hakutia tena mguu maisha yake. Basi nikainua mguu juu kama navuka mtaro wa Darajani siku ya mvua, wenyeji wakafurahi sana.

Ndani nikatoa simu, nikawa naikagua nyumba kwa kitabu. Mlango kusini. Tiki. Mahali pa mwenye nyumba kaskazini, tiki. Upande wa wanawake mashariki na vyombo vyao, upande wa wanaume magharibi na hatamu na matandiko ya farasi, tiki tiki. Pale kaskazini Rubruck anasema paliningʼinia kinyago cha manyoya yaliyoshindiliwa kama mwanasesere, wanamwita ndugu wa mwenye nyumba. Sasa hivi kuna picha za babu zao kwenye fremu, sanamu ndogo ya Budha, na televisheni. Nje paneli ya sola na dishi.

Wakaleta chai ya maziwa yenye chumvi. Bibi, chai ya chumvi! Kikombe cha kwanza nilipigana nacho, cha pili nikaona ni kama supu, nikatulia.

Alaf ikaja bakuli kubwa la airag, maziwa ya farasi yaliyochachishwa. Hapa ndo nilipokua napaogopa tangu Beijing, maana yana kilevi kidogo. Dogo akanifundisha, unapokea kwa mkono wa kulia, unachovya kidole cha pete unarushia juu, unagusisha mdomoni unarudisha kwa heshima, mtu haoni vibaya. Nikafanya hivyo. Mzee akapokea akanywa yeye lote kwa mkupuo mmoja.

Rubruck mara ya kwanza kuyanywa alitoka jasho mwili mzima kwa hofu na ugeni wake, baadae akayasifia, yanamfurahisha mtu ndani. Na mambo ya dini na airag si yangu peke yangu. Njiani alikutana na Wakristo wa Kialani, kabila la Caucasus, waliomuuliza kwa huzuni kama wanaweza kuokoka, maana wanaishi kwa Wamongolia inabidi wanywe. Wakristo wa Kirusi na Kigiriki waliona aliyeyanywa si mwenzao tena. Na kulikua na Muislamu mmoja alitaka kubatizwa, watawa wanajiandaa, jamaa ghafla karuka juu ya farasi kasema ngoja nikaongee na mke wangu. Kesho yake karudi, hapana, sithubutu, nikibatizwa sitakunywa tena maziwa ya farasi. Nimecheka mpaka dogo akataka nimtafsirie, nikamtafsiria, naye akamtafsiria mzee, mzee hakucheka, alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kabisa hoja ya yule jamaa.

Kwa safari nzima bwana mnene alibatiza watu sita. Sita! Na ameiandika idadi hiyo kwa mfalme wake, hakuongeza sifuri.

Tulikaa mpaka giza. Nikawapa karafuu, mama mwenye nyumba akanusa akamnusisha mkwewe, wakatia chache kwenye chai ya chumvi na mimi nikanyamaza. Nikawaeleza ule mdahalo wa tarehe 30 Mei 1254, Möngke aliwakutanisha Wakristo, Waislamu na Wabudha wajadiliane dini, waamuzi watatu mmoja kila upande. Waislamu siku ile waligoma kubishana, wakasema Injili yenu ni kweli, hatuna ugomvi na nyinyi. Mwisho wa yote wakaimba wakanywa. Kesho yake Möngke akamwambia mtawa kwamba Mungu kaupa mkono vidole mbalimbali na vivyo hivyo kawapa watu njia mbalimbali. Mzee akainua mkono wake, ana vidole vinne na nusu, kamba ya farasi ilimkata ujanani. Akaonyesha hicho cha nusu akasema kitu. Dogo: "Anauliza hii ni dini gani."

Siku ya 8

Usiku nimelala kwao, asubuhi nimekunywa chai, basi la kurudi saa nne. Nimechoka vizuri.

Rubruck alitoka huku Julai ya 1254, Bartholomew akabaki, hakuiweza tena ile njia. Akashuka kupitia kwa Batu, akaizunguka bahari ya Kaspi upande wa pili, na kwa kuwa wakati wa kwenda alipita upande mmoja na kurudi mwingine, akamwandikia mfalme kwamba bahari hii imezungukwa na nchi kavu pande zote, na kwamba Isidore, askofu wa zamani wa Hispania, aliyeandika ni ghuba ya bahari kuu hakusema kweli. Isidore walikua wanamsoma kwa zaidi ya miaka 600. Aliuliza pia habari za yale majitu ya ajabu waliyoandika wakina Isidore na Solinus, akaambiwa hakuna mtu aliyewahi kuyaona, naye akaandika kwamba anashangaa kama ni kweli. Tripoli, ile ya Lebanon ya leo, alifika tarehe 15 Agosti 1255.

Wakati namaliza kufunga begi mzee akaja na swali. Alilala nalo inaonekana. Dogo akatafsiri, anauliza huko kwenu Zanzibar simba wanapita mpaka majumbani?

Nikamtazama. Mkewe kaacha kukamua, watoto wamesogea, kila mtu anasubiri. Na ningeweza, wallahi ningeweza. Ningesema wanapita usiku, ningesema mjomba wangu alimfukuza mmoja kwa mwiko, nani angekwenda kuhakikisha?

Nikasema hapana. Nikasema kwetu ni kisiwa, simba hawapo, na mimi nina miaka 27 sijawahi kumwona simba, simba ninaowajua wanavaa jezi nyekundu wanacheza mpira. Dogo akatafsiri, sijui jezi aliitafsiri vipi.

Mzee uso ukamshuka. Akamgeukia mkewe akasema maneno marefu, polepole, akioneshea mkono upande wangu, mkewe akacheka mpaka akashika ndoo, watoto nao wakacheka, hata dogo akageuza uso pembeni.

Nikamuuliza kasema nini?

Dogo akasema, "Anasema karibu tena."